Kicheza Muziki cha Mtandao: Mipangilio Inayosaidia Sauti na Ile Inayodanganya Masikio

Katika nyumba nyingi siku hizi, muziki hautoki tena katika santuri wala katika kaseti. Nyimbo za jamaa wote, zile za ujana wa babu pamoja na zile zilizotoka mwezi uliopita, zimehifadhiwa katika diski moja ndogo. Kisanduku kisichozidi ukubwa wa pakiti ya sigara huzichota nyimbo hizo kwa njia ya mtandao wa nyumbani, kikazipeleka kwenye amplifaya na spika. Kisanduku hicho ndicho kiitwacho kicheza muziki cha mtandao.

Gramafoni ya wazee wetu ilikuwa na vidude vichache tu vya kuzungusha. Kicheza muziki cha mtandao kina kurasa nzima za mipangilio, ambazo mtu huzifungua kwa simu akiwa ameketi kitini. Kwa sababu hiyo wengi huingiwa na hamu ya kuchokoachokoa. Huyu huambiwa na rafiki yake kwamba akibadili tarakimu fulani sauti itakuwa tamu kama asali. Yule hushawishiwa anunue waya wa bei inayolingana na karo ya mtoto. Mwisho wa mwezi fedha imekwenda, ugomvi umeingia nyumbani, na hakuna awezaye kuthibitisha kama sauti imebadilika au la.

Makala hii yakusudia kumweleza msomaji ni mipangilio ipi yenye faida ya kweli, ni ipi isiyo na faida yoyote, na ni kwa njia gani mtu aweza kujipimia mwenyewe nyumbani pasipo kudanganywa. Kanuni yake ni moja: mpangilio mzuri ni ule unaoondoa mkono usiohitajika kati ya sauti iliyorekodiwa na sikio la msikilizaji. Mpangilio unaoongeza mkono mwingine yafaa utiliwe shaka mpaka utoe ushahidi.

ASILI YA VIFAA HIVI

Miongoni mwa vifaa vya mwanzo vya namna hii ni SliMP3, kilichotolewa na kampuni ya Slim Devices ya Marekani mwaka 2001. Kilifuatiwa na vifaa vilivyoitwa Squeezebox. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na Logitech, na mwaka 2012 vifaa vya Squeezebox vilikoma kutengenezwa. Hata hivyo programu yake ya kutunza na kugawa nyimbo haikufa, kwa kuwa ilikuwa wazi kwa kila mtu kuisoma na kuirekebisha. Watu wa kujitolea waliiendeleza, na mwaka 2024 ilipewa jina jipya la Lyrion Music Server.

Mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 2012 ilizinduliwa nchini Uingereza kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ya ukubwa wa kadi ya benki. Bei yake ya awali ilikuwa dola 35. Ingawa ilikusudiwa hasa kuwafundisha vijana kuandika programu, wapenda muziki waligundua upesi kwamba yaweza kufanya kazi ya kicheza muziki cha bei kubwa. Programu kama piCorePlayer, moOde na Volumio ziliandikwa kwa ajili ya kazi hiyo. Maelezo yanayofuata yamejengwa juu ya kompyuta hiyo pamoja na programu hizo, lakini misingi yake ni ile ile kwa vifaa vingine.

SAFARI YA SAUTI

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, yafaa kuifahamu njia ambayo sauti hupitia. Wimbo ulio katika CD, chombo kilichoanza kuuzwa mwaka 1982, si mawimbi bali ni tarakimu. Kila sekunde moja ukubwa wa sauti hupimwa mara 44,100 kwa upande wa kushoto na idadi hiyo hiyo kwa upande wa kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huchaguliwa katika ngazi 65,536 zinazowezekana.

Tarakimu hizo huhifadhiwa katika faili. Programu huzisoma, huzipitisha katika mtandao, na mwisho huzikabidhi kwa kifaa kiitwacho kigeuzi, ambacho kazi yake ni kuzigeuza tarakimu kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo hutiwa nguvu na amplifaya, na spika huugeuza kuwa mtikisiko wa hewa.

Askari watalielewa jambo hili kwa urahisi. Amri iliyopitishwa kwa mdomo kutoka mtu hadi mtu hupungua njiani na kuongezewa chumvi. Lakini amri iliyoandikwa kwa tarakimu na kukaguliwa katika kila kituo hufika kama ilivyotoka, iwe imepita vituo viwili au ishirini. Mpaka inapofika kwenye kigeuzi, sauti ni amri iliyoandikwa. Haichakai njiani isipokuwa mtu ameiagiza programu iandike upya. Basi kazi yetu ya kwanza ni kumtafuta mwandishi huyo asiyetakiwa.

KWANZA: MLANGO WA KUTOKEA

Mpangilio unaoleta mabadiliko makubwa kuliko yote ni ule wa kuchagua mlango ambao sauti hutokea. Raspberry Pi za matoleo mengi zina tundu dogo la kuchomekea vipokea sauti vya masikioni. Tundu hilo halikutengenezewa muziki wa hali ya juu. Sauti yake hupatikana kwa kuwasha na kuzima umeme kwa haraka sana, na ubora wake haufikii ule wa CD. Katika Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, tundu hilo limeondolewa kabisa.

Dawa yake ni kutumia kigeuzi cha pekee, ama kile kinachochomekwa kwa waya wa USB, ama kile kinachopandikizwa juu ya pini 40 za kompyuta hiyo. Vigeuzi vya kawaida visivyo vya bei kubwa vinatosha kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Lakini hapa ndipo wengi hukwama: hununua kigeuzi, hukichomeka, kisha husahau kuiambia programu ikitumie. Fungua ukurasa wa sauti katika mipangilio, tafuta orodha ya milango ya kutokea, uchague jina la kigeuzi chako, kisha uwashe kompyuta upya.

PILI: KIKOMO CHA BITI

Katika programu ya Lyrion kuna mpangilio wa kuweka kikomo cha biti zinazopita katika mtandao kila sekunde. Uliwekwa kwa nia njema, kwa ajili ya mitandao dhaifu. Wimbo wa CD usiobanwa huhitaji biti 1,411,200 kwa sekunde. Kama mtandao hauwezi kubeba mzigo huo, programu hubana wimbo kuwa MP3, ambayo kiwango chake cha juu ni biti 320,000 kwa sekunde.

Ubanaji wa MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo inadhaniwa kwamba sikio halitaikosa. Ubanaji wa FLAC, uliobuniwa na Josh Coalson na kutolewa mwaka 2001, hautupi chochote. Faili ya FLAC aghalabu huchukua kama nusu ya nafasi ya wimbo wa CD au zaidi kidogo, lakini inapofunguliwa hurudisha kila tarakimu kama ilivyokuwa. Basi mtu anayehifadhi nyimbo zake kwa FLAC, kisha akaacha kikomo cha biti kikiwa kimewekwa chini, ni kama mtu anayehifadhi mchele wa Kyela na kuupika pamoja na pumba. Mtandao wa nyumbani wa siku hizi waweza kubeba mzigo huo, kwa hiyo ondoa kikomo. Ukiona muziki unakatika, tibu mtandao badala ya kuikata sauti.

TATU: UKUBWA WA SAUTI

Sauti yaweza kupunguzwa mahali pawili: ndani ya programu, au kwenye kidude cha amplifaya. Programu hupunguza sauti kwa kugawanya tarakimu, na kila desibeli 6 zinazopunguzwa hula takriban biti moja. Kama mlango wa kutokea umewekwa biti 16, na sauti ikapunguzwa desibeli 48, biti zinazobaki ni kama 8 tu. Sehemu za taratibu za wimbo, kama vile mwisho wa mlio wa gitaa unaofifia, huanza kuzama katika mchakato kama wa redio isiyoshika vizuri.

Kuna njia mbili za kulikwepa jambo hilo. Ya kwanza ni kuweka mlango wa kutokea katika biti 24 au 32, kama kigeuzi chako kinakubali. Hapo wimbo wa biti 16 una nafasi ya kushuka bila kupoteza kitu cha maana. Ya pili ni kufunga ukubwa wa sauti ya programu katika asilimia 100, na kutumia kidude cha amplifaya peke yake.

Hapa pana onyo ambalo halina budi kuzingatiwa. Kabla ya kuchagua njia hii ya pili, zungusha kidude cha amplifaya chini kabisa. Mtu akiibadili programu kuwa asilimia 100 huku amplifaya iko juu, mlio wa kwanza utakaotoka waweza kuchana spika, kumwamsha mtoto mchanga, na kuumiza masikio ya aliye karibu.

NNE: KUGEUZA IDADI YA VIPIMO

Programu nyingi zina mpangilio wa kugeuza vipimo 44,100 vya kila sekunde kuwa 48,000, au 96,000, au hata 192,000. Watu huvutwa na ukubwa wa tarakimu, wakidhani kwamba vipimo vingi zaidi ni sauti bora zaidi. Hiyo si kweli. Hesabu iliyowekwa wazi na wataalamu wa Marekani, Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949, yaonyesha kwamba vipimo vikiwa zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa unaotakiwa, mtikisiko huo waweza kurudishwa kamili. Sikio la kijana mwenye afya husikia mpaka kama mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na sikio la mtu mzima hupungukiwa na uwezo huo kadiri miaka inavyopita. Nusu ya 44,100 ni 22,050, ambayo yatosha.

Programu ikigeuza vipimo 44,100 kuwa 192,000 haileti habari mpya kutoka studio, bali hukisia vipimo vya katikati. Mgeuzo uliofanywa kwa ustadi hausikiki. Uliofanywa ovyo waweza kuharibu sauti. Katika hali zote mbili kompyuta hupata joto na kutumia umeme zaidi. Kwa hiyo zima mpangilio huo, na kila wimbo uachwe upite kwa idadi yake ya asili. Uwashe tu ikiwa kigeuzi chako hakiwezi kupokea idadi fulani.

TANO: KUSAWAZISHA NYIMBO

Hapa ndipo penye msaada mkubwa kwa familia, nao hautumiwi inavyostahili. Nyimbo zilizonaswa miaka ya sabini aghalabu hazina sauti kubwa kama zile za miaka ya karibuni, kwa kuwa studio zimekuwa zikishindana kupandisha sauti ili wimbo wao uvutie kuliko wa jirani. Mtu akipiga nyimbo za zamani na za sasa kwa mchanganyiko, kila dakika tatu huinuka kwenda kwenye kidude cha amplifaya.

Mwaka 2001 Mwingereza David Robinson alipendekeza njia iitwayo ReplayGain. Programu huupima kila wimbo mapema, huandika pembeni kiasi cha kupunguza au kuongeza, na wakati wa kupiga husawazisha bila kuibadili faili yenyewe. Kuna namna mbili za kusawazisha. Ya wimbo mmoja mmoja hufaa kwa sherehe na kwa redio ya nyumbani. Ya albamu nzima huacha tofauti kati ya wimbo wa taratibu na wa kishindo kama mwanamuziki alivyotaka. Lyrion ina namna ya tatu, inayochagua yenyewe: mtu akisikiliza albamu nzima hutumia ya albamu, na akichanganya nyimbo hutumia ya wimbo mmoja mmoja.

Msomaji ataona kwamba huu ni mkono ulioongezwa, kinyume cha kanuni yetu. Lakini ni mkono unaotoa ushahidi. Kazi yake husikika wazi, na mlango wa kutokea ukiwa na biti 24 hauna hasara ya kuitaja. Katika nyumba za kambi ambazo ukuta mmoja hutenganisha jamaa wawili, mpangilio huu huzuia wimbo wa saa nne usiku kulipuka ghafla baada ya mwingine ulionong'ona.

SITA: AKIBA NA MTANDAO

Kicheza muziki huweka sekunde kadhaa za wimbo katika ghala dogo la kumbukumbu liitwalo bafa, ili mtandao ukisita kidogo muziki usisite. Kuongeza ukubwa wa bafa husaidia pale ambapo sauti hukatika. Ifahamike vema kwamba bafa kubwa haifanyi besi kuwa nzito wala sauti ya mwimbaji kuwa nyororo. Huzuia kukatika, basi.

Mahali ambapo nyumba nyingi zina Wi-Fi, masafa ya gigahezi 2.4 husongamana kama njia panda siku ya gulio. Ikiwezekana tumia masafa ya gigahezi 5, au uvute waya wa mtandao kutoka kwenye kisanduku cha intaneti mpaka kwenye kicheza muziki. Kadhalika zima mpangilio wa kulaza Wi-Fi ili kupunguza matumizi ya umeme, kwani mara nyingine ndio unaosababisha kukatika.

YALE YANAYODANGANYA

Yapo mashauri mengine mengi yanayopitishwa kutoka mtu hadi mtu. Watu huambiwa wabadili cheo cha programu ya muziki mbele ya programu nyingine za kompyuta, wahamishie wimbo wote katika kumbukumbu kabla ya kuupiga, au wazime taa ndogo za kompyuta, eti sauti itakuwa na kina na hewa.

Tuyapime kwa kanuni yetu. Ikiwa sauti ilikuwa inakatika au kutoa mlio wa kupasuka, kuipa programu ya muziki cheo cha juu kwaweza kusaidia, kwa kuwa tarakimu zilikuwa zinachelewa. Lakini ikiwa tarakimu zote zinafika kwa wakati, kilichofika kwenye kigeuzi ni kile kile kabla na baada ya kubadili. Na katika vigeuzi vingi vya USB, mwendo wa kuzitoa tarakimu hizo huongozwa na saa iliyo ndani ya kigeuzi chenyewe, wala si haraka ya kompyuta iliyozileta.

Kwa nini basi watu wakweli huapa kwamba wamesikia tofauti? Si waongo. Sikio la binadamu halifanyi kazi peke yake. Husaidiwa na macho, matumaini na bei iliyolipwa. Tena wimbo ukipigwa kwa sauti iliyozidi hata kidogo tu, msikilizaji huuhesabu kuwa bora, wala hatambui kwamba sababu ni ukubwa wa sauti. Mpangilio unaopandisha sauti kwa siri utashinda daima, hata kama hauna ubora wowote.

JINSI YA KUPIMA NYUMBANI

Jaribio la haki halihitaji maabara. Lahitaji watu wawili, sarafu moja, daftari, na uvumilivu wa nusu saa.

Chagua wimbo unaoufahamu vizuri, wenye sauti ya mtu na ala chache. Sawazisha ukubwa wa sauti katika mipangilio yote miwili kwa kupiga mlio wa aina moja na kuupima kwa programu ya simu ya kupimia desibeli, simu ikiwa mahali pale pale. Kisha msikilizaji aketi akiwa ameyapa mgongo mashine. Mwenzake, awe mke, mume au mtoto mkubwa, arushe sarafu bila kusema neno. Ikianguka upande wa kichwa atumie mpangilio wa kwanza. Ikianguka upande mwingine atumie wa pili. Msikilizaji aandike ni upi anaodhani unapigwa. Jambo hili lirudiwe mara 10, na majibu yasifunuliwe mpaka mwisho.

Mtu anayebahatisha atapata kama 5 kati ya 10. Kupata 8 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takriban mara moja katika majaribio 18. Kupata 9 au zaidi hutokea takriban mara moja katika 93. Basi aliyepata 9 ana haki ya kusema kwamba amesikia kitu. Aliyepata 5 au 6 na aifunge pochi yake, airudishe mipangilio kama ilivyokuwa, na aendelee kuufurahia muziki.

Jambo jema la jaribio hili ni kwamba huondoa ugomvi. Mume hawezi tena kudai kwamba mke hana masikio, wala mke hawezi kudai kwamba mume amerogwa na wauza nyaya. Daftari hutoa hukumu.

CHUMBA NI SEHEMU YA MASHINE

Mtu akitaka mabadiliko yanayosikika bila kubahatisha, na aangalie chumba kabla ya kuifungua kompyuta. Katika chumba chenye sakafu ya saruji na ukuta mtupu, sauti hudundadunda hata maneno ya mwimbaji yakapoteana. Mkeka au zulia mbele ya spika, mapazia mazito na rafu ya vitabu hupunguza mdundo huo. Spika iliyosukumwa kwenye pembe ya chumba hutoa besi nzito isiyo na umbo. Ivute mbele kama hatua moja, usikilize tena. Spika na ziwe katika kimo cha masikio ya aliyeketi, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kutoka kila moja hadi kwa msikilizaji.

Baada ya hayo ndipo ikwalaiza itumike. Huu ndio mpangilio wa programu unaobadili ladha ya sauti waziwazi. Kanuni yake ni kupunguza kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua. Kama besi inavuma, ipunguze desibeli 3 au 4. Na kama huna budi kuongeza sehemu fulani desibeli 6, punguza kwanza sauti yote kwa desibeli 6. Vinginevyo tarakimu zitagonga dari, na sauti itatoka imekwaruza.

MASIKIO HAYANA VIPURI

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tujishughulishe hivi na sauti safi. Jibu liko katika afya. Watu wengi huongeza sauti kwa sababu haisikiki vizuri. Wakiisafisha, hutosheka na sauti ndogo.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima anayesikiliza muziki kwa vifaa vyake asipite kiwango kilicho sawa na desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, na mtoto asipite desibeli 75 kwa muda huo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo sauti ya desibeli 80 iliyo salama kwa saa 40 ikipandishwa hadi 90, muda wake hushuka kuwa kama saa 4 tu katika wiki nzima.

Jambo hili lawahusu zaidi askari na polisi. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na kila aliyefika uwanja wa shabaha bila vizibo vya masikio amekwisha kulipa sehemu ya akiba yake. Chembechembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa haziwezi kuota tena. Aghalabu zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, ndiyo maana baadhi ya watu hulalamika kwamba mashine imefifia, wakazidi kupandisha sauti nyembamba katika ikwalaiza, hali watoto wamejiziba masikio. Anayesikia mlio masikioni wakati wa kimya cha usiku, au anayeambiwa na jamaa zake kwamba redio iko juu mno, na aende hospitali akapimwe. Hakuna mpangilio wa programu utakaomrudishia kilichopotea.

KUHIFADHI KAZI ILIYOFANYWA

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike katika daftari: tarehe, mpangilio, ulivyokuwa, ulivyokuwa baada ya kubadili, na matokeo ya jaribio. Mtu anayebadili mambo matano kwa usiku mmoja hajui lipi lililomsaidia wala lipi lililomharibia.

Raspberry Pi kwa kawaida huhifadhi programu yake katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, yaweza kuharibika. Kwa hiyo izime kwa kuiagiza katika programu kabla ya kuchomoa waya. Mipangilio ikikamilika, nakili kadi nzima na uiweke nakala hiyo kabatini. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, betri ndogo ya akiba yafaa kuliko kigeuzi cha pili.

Nyimbo zenyewe ziwe na nakala mbili katika diski mbili, na moja isikae nyumba ile ile. Hasa pasisahauliwe kaseti za zamani za jamaa: sauti ya baba akitoa wosia, mama akimwimbia mjukuu, kwaya ya harusi ya dada. Wimbo wa bendi mashuhuri waweza kununuliwa tena, lakini sauti ya mzazi aliyefariki iko katika kaseti moja tu duniani, na ukanda wake huchakaa kila mwaka. Zigeuzwe kuwa FLAC mapema, kwa kinasa kilichosafishwa kichwa chake, bila kuzitia ikwalaiza wakati wa kunasa. Marekebisho yaweza kufanywa wakati wowote baadaye, lakini kilichokatwa wakati wa kunasa hakirudi.

Kwa ufupi basi, chagua mlango ulio sahihi, ondoa kikomo cha biti, wape tarakimu nafasi ya biti 24, usigeuze idadi ya vipimo, sawazisha nyimbo, na uutibu mtandao unaokatika. Hizo ni kazi za jioni moja, nazo hazigharimu kitu kwa aliye na kigeuzi tayari. Yanayobaki yote na yapite kwanza mbele ya sarafu na daftari. Fedha itakayookolewa ina kazi nyingine nyumbani, na masikio yatakayookolewa yatakuwa na kazi kwa miaka mingi ijayo.